Sufu, Katani na Nailoni: Taarikhi ya Matandiko katika Meru na Embu

Mtu ashukaye kutoka Timau, ambako ardhi imeinuka kupita mita elfu mbili juu ya usawa wa bahari na baridi ya alfajiri huuma vidole hata katika mwezi wa Januari, akapita Meru mjini na Nkubu na Chuka, akavuka mto Thuci na kuingia Embu, kisha akateremkia Mbeere mpaka Siakago na Kiritiri ambako jua halina rehema, atakuwa amepita katika safari ya siku moja ndani ya nchi za nyuzi zote ambazo wenyeji wa mteremko huu wa Mlima Kenya wamepata kuzisokota, kuzisuka au kuzitandika chini ya miguu yao. Juu kabisa iko sufu ya kondoo wa kigeni. Katikati, penye mvua na udongo mwekundu, iko migomba na vichaka vyenye magome ya kusokoteka. Chini, penye mawe na miiba, uko mkonge pamoja na mibuyu. Na kila mahali, madukani na majumbani, ziko nyuzi za kiwandani ambazo hazikuota shambani kwa mtu yeyote wala hazikunyolewa mgongoni mwa mnyama.

Taarikhi ya nyuzi aghalabu husimuliwa kana kwamba ni vita, nyuzi za asili zikiwekwa upande wa haki na za kiwandani upande wa dhuluma, au kinyume chake kwa wale wapendao kila kilicho kipya, na msomaji hutakiwa achague jeshi la kujiunga nalo. Simulizi ya namna hiyo haiwafai watu wa Meru na Embu, kwa sababu katika nchi yao jambo lililoamua uzi upi utumike na upi uachwe, tangu zama za magome mpaka zama hizi za nailoni, lilikuwa wasaa wa mwanamke: ni kiasi gani cha maisha yake kingemezwa na uzi kabla haujawa kamba, na kamba kabla haijawa kitu cha kutumika.

Nyumba ya kale ya sehemu hizi haikujua zulia. Sakafu yake ilikuwa udongo ulioshindiliwa, ukasiribwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na maji, ukakauka ukawa laini usiotoa vumbi. Na kitanda cha miti kilitandikwa ngozi. Ngozi ndiyo iliyokuwa vazi la mchana na tandiko la usiku, na asiyekuwa na ngozi ya ng'ombe alilalia ya mbuzi. Mazulia yalikuwa mambo ya pwani, ya majumba ya mawe ya Lamu na Mombasa na Unguja, yaliyoletwa kwa vyombo vya pepo za kaskazi kutoka Uajemi na Bara Hindi. Na hata huko pwani watu wengi walitandika mkeka wa ukindu au jamvi, zulia likawa la mwenye nafasi.

Walakini Wameru wana kisa cha asili yao ambacho hakikosi harufu ya pwani hiyo. Wazee waliohojiwa na mwanahistoria Jeffrey Fadiman walisimulia kwamba wahenga wao walikaa Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji upande wa bahari, chini ya amri ya watu wa nguo nyekundu, mpaka walipopata njia ya kutoroka wakaanza safari ndefu ya kuufuata mlima. Kisa hicho kiwe taarikhi kamili au kiwe kumbukumbu iliyopambwa na vizazi, yafaa kuzingatia kwamba watawala wale walikumbukwa kwa kitambaa chao, na wala si kwa silaha. Nguo zenyewe zilirudi kwa njia ya tijara. Katika miaka ya 1892 na 1893, Mmarekani William Astor Chanler alipopanda kutoka pwani akiufuata mto Tana mpaka kufika safu ya Nyambene, mizigo ya wapagazi ilikuwa, kama katika misafara yote ya siku zile, nguo na shanga na nyaya. Baadaye Waingereza wakasimamisha boma lao Embu mwaka 1906, na jingine Meru mwaka 1908, na pamoja na maboma wakaja wauza duka, askari na watu wa dini ya Kiislamu waliojenga mtaa wa Majengo wa Meru, ambamo mswala wa kusalia huenda ndio uliokuwa tandiko la kwanza la kufumwa kutandikwa sakafuni katika nchi ile.

Lakini ujuzi wa nyuzi wenyeji walikuwa nao tangu dahari, nao ulikaa mikononi mwa wanawake. Katika sehemu zenye mvua palikuwa na kichaka kiitwacho mugio, ambacho gome lake la ndani huchunika kwa vipande virefu. Na katika nchi ya joto ya Mbeere na Tharaka palikuwa na mbuyu, ambao wenyewe huuita muramba, mti wenye fadhila ya kuchunwa gome na kuliotesha tena pasipo kufa. Wasomi David Brokensha na Bernard Riley, waliokaa na Wambeere katika miaka ya 1970 wakaandika juu ya mimea ya nchi ile na matumizi yake, walikuta orodha ndefu ya magome na majani ambayo kila mtu mzima aliyajua kwa jina na kwa kazi: hili la kamba ya kufungia mbuzi, hili la kujengea, hili la mzinga wa nyuki, hili la kiondo, yaani kikapu cha kusukwa.

Kazi yenyewe si ya haraka. Gome huchunwa, la nje likatupwa, la ndani likapondwa au kulowekwa mpaka lilainike, kisha likachambuliwa nywele moja moja na kuanikwa. Msokotaji huketi amenyosha mguu, akaweka mafungu mawili ya nywele hizo juu ya paja lake, akayasukuma mbele kwa kiganja kilicholowa kidogo mpaka kila moja lipate msokoto wake, halafu akayarudisha nyuma kwa pamoja, yakakumbatiana yakawa kamba moja. Akaongeza nywele nyingine pale zinapokwisha, akasukuma tena. Ngozi ya paja husugulika ikawa ngumu na kung'aa. Kwa namna hiyo hupatikana kamba ya urefu wa mkono, na kiondo kimoja cha wastani hutaka kamba za kutosha kuzunguka nyumba mara nyingi. Ndiyo maana wanawake wa zamani walisokota wakichunga, walisokota wakisubiri nyama iive, na kusuka walisuka hata wakienda sokoni na mzigo mgongoni, vidole vikifanya kazi huku macho yakitazama njia. Mtu asemaye kwamba nyuzi za asili hazina gharama hajauliza paja la nani lilisuguliwa.

Katani ilipokuja ilikuwa ahueni kubwa, ijapokuwa haikuletwa kwa ajili yao. Ilianzia upande wa Tanga, ambako Mjerumani Richard Hindorf aliagiza mwaka 1893 miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, ikafika 62 tu iliyo hai. Na katika hiyo michache yakatoka mashamba makubwa ya Tanganyika, kisha yale ya Kenya upande wa Thika na Makuyu na pwani. Meru na Embu hazikupata mashamba ya namna hiyo. Zilipata mkonge wa ua, uliopandwa msitari mmoja kuzunguka boma la mbuzi au mpakani mwa shamba na shamba, ukastahimili ukame wa Mbeere na Tharaka pasipo kutiwa hata kata moja ya maji. Na ua huo ukawa ghala la nyuzi la mwanamke aliyeishi karibu nao.

Jani la mkonge hukatwa, miiba ikaondolewa, likapasuliwa kwa urefu. Kisha kila ukanda hubanwa baina ya kipande cha mti na ubapa wa panga butu, ukavutwa kwa nguvu, nyama ya kijani ikabaki nyuma na nywele nyeupe zikatoka mbele. Maji yake huwasha mikono vibaya, na katika kila kilo mia za majani hazipatikani nyuzi kupita kilo nne hivi. Juu ya hayo yote, uzi wake ni mrefu karibu mita nzima, mweupe, mwenye nguvu, na hunywa rangi upesi. Mwanamke aliyezoea gome la mugio aliona kwamba kwa katani kamba huenda mbio. Mugio ukaanza kusahauliwa hapo, uzi wa asili ukiondolewa na uzi mwingine wa asili, na sikumbuki kusoma popote mtu akiulilia.

Juu mlimani mambo yalikuwa tofauti. Kondoo wa wenyeji ni wa nywele fupi na mkia wa mafuta, hawana sufu ya kusokota. Sufu ililetwa na walowezi waliopewa ardhi ya Timau, hususa baada ya Vita Kuu ya kwanza, wakafuga Merino na baadaye Corriedale katika mbuga zile za baridi. Hapa liko jambo ambalo wanunuzi wa mazulia mara nyingi hawalijui: sufu ya Merino, kwa ubora wake wote, haifai zulia. Ni nyembamba mno na laini mno. Nguo ya mwilini huitaka, lakini chini ya viatu hulala chini isiinuke. Zulia hutaka sufu nene na kaidi, ile ambayo mfumaji wa nguo angeikataa, na ya Corriedale hukaribia zaidi hitaji hilo. Kwa miongo mingi sufu ya Timau ilisafirishwa ikiwa ghafi, na watu wa Meru walioinyoa hawakuifuma. Upande wa pili wa mpaka wa Meru, katika mji wa Nanyuki, chama cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 1977 chini ya Kanisa la Presibiteri kilianza kuisokota kwa gurudumu na kuifuma kwa mtambo wa mkono kuwa mazulia na mablanketi, kazi nzuri sana ambayo wageni waliinunua kuliko wenyeji, kwa sababu bei yake ilibeba saa zote zile za mkono.

Huku nyuma, katika maabara za mbali, uzi wa aina nyingine ulikuwa umekwisha zaliwa. Nailoni ilipatikana mwaka 1935 katika kampuni ya Du Pont, kwa kazi ya Wallace Carothers. Na mwaka 1954 Mwitaliano Giulio Natta akapata polipropilini, ambayo kutoka mwaka 1957 ilianza kutengenezwa kwa wingi kutokana na masalia ya mafuta ya petroli. Ni hii ya pili iliyoiangusha katani. Tanganyika ilikuwa imefikia kilele chake mwaka 1964, ikitoa zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka. Baada ya hapo kamba za kufungia nyasi za mifugo katika mashamba ya Ulaya na Marekani zikawa za plastiki, bei ya katani ikaporomoka, na mashamba mengi kutoka Tanga mpaka Thika yakageuka mapori. Mmiliki wa shamba alilia. Mwanamke wa Ishiara kule Mbeere hakuona lolote, kwa kuwa mkonge wake ulikuwa uani, haukupata kuandikwa katika daftari la soko la London.

Uzi wa kiwandani ulimfikia kwa mlango mwingine. Ulimfikia kama sweta. Shule zilipoenea, misheni za Kigari, Kaaga na Chogoria zikiwa zimekwisha kuwafundisha wasichana sindano, na vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vikiwafundisha mama zao, kila mtoto alitakiwa avae sweta, na katika miji ya Embu, Chuka na Meru pakatokea vibanda vya mashine za mkono za kufuma sweta za shule kwa uzi wa akriliki. Sweta ikichakaa haikutupwa. Ilifumuliwa, uzi ukaviringwa ukawa donge, na donge likaingia katika kiondo. Mfumo wa kiondo uliupokea uzi huo kana kwamba ulikuwa ukiungoja: nyuzi za kusimama, zinazoanzia kitovuni mwa kitako na kupanda mpaka mdomoni, zilibaki za katani, kwa maana ndizo zinazobeba mzigo na kukipa kiondo umbo, nyuzi za kuzunguka, ambazo jicho huziona, zikawa za akriliki au nailoni, nyekundu ya shule hii na buluu ya shule ile. Kazi ya kusokota ilipungua nusu au zaidi. Wataalamu wa sanaa za kienyeji wamelaumu sana mchanganyiko huu, wakauona ni uharibifu wa sanaa asilia. Nami ningependa kuwaona wakisokota kamba pajani kwa msimu mmoja tu kabla ya kuandika lawama zao.

Katika miaka ya 1970 na 1980 vyondo vilipata soko ng'ambo, vikabebwa mabegani mwa wanawake wa Ulaya na Marekani, mpaka viwanda vya Asia ya Mashariki vikaanza kuviiga kwa mashine na kuviuza kwa bei ambayo mkono hauwezi kushindana nayo. Hayo yameandikwa mara nyingi, na sina la kuongeza.

Zulia nalo lilingoja saruji. Sakafu ya udongo haitaki zulia, kwa maana hunyunyiziwa maji na kusiribwa upya, na kilichotandikwa juu yake huoza. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na wakulima wa Meru na Embu, walioruhusiwa kupanda zao hilo kabla ya Waafrika wa wilaya nyingi, wakapata katika miaka ya 1976 na 1977 fedha ambazo hawakupata kuziona. Fedha hizo zikawa mabati, zikawa mawe ya kuchonga, zikawa saruji. Sakafu ya saruji ikang'aa kwa rangi nyekundu ya kupaka. Na ulipofika mwezi wa Julai, ukungu ukishuka kutoka msituni na jua lisionekane kwa siku kadhaa, ikawa baridi kiasi cha kuumiza nyayo za wazee. Hapo ndipo zulia lilipohitajika kwa mara ya kwanza, likaingia sebuleni chini ya makochi yenye vitambaa vya kufuma.

La kwanza katika nyumba nyingi lilitengenezwa nyumbani. Gunia kuukuu hufuliwa, likakatwa kwa kipimo, kisha kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, vipande vifupi vya uzi wa sweta au vya nguo zilizochanika hupitishwa katika matundu na kufungwa kimoja kimoja, vikasimama kama manyoya. Gunia la katani lilishika vizuri. Lile la plastiki lililokuja baadaye huteleza, mafundo yakalegea, na mtoto mwenye vidole vyepesi huweza kuling'oa zulia zima kwa alasiri moja.

Kisha yakaja ya dukani, na hapa yafaa kuzilinganisha nyuzi kwa mizani ya nyumba ya mlimani, si ya sebule za Ulaya. Sufu ndiyo bora kuliko zote: hunywa unyevu wa hewa hata kufikia karibu theluthi ya uzito wake pasipo mkono kuuhisi, huinuka tena ikikanyagwa, na kaa la moto likiiangukia huungua kidogo na kuzimika yenyewe, ikiacha majivu ya kusagika na harufu ya nywele zilizoungua. Lakini huliwa na nondo, na bei yake si ya mtu wa kawaida. Katani ni ngumu na yenye heshima, haikusanyi vumbi la kuruka, wala haikupigi cheche ya umeme wakati wa kiangazi. Walakini chai ya maziwa ikimwagika juu yake doa halitoki, na ikifuliwa kwa maji mengi huvimba na kupinda. Nailoni hustahimili miguu kuliko zote. Polipropilini, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, ni nyepesi hata huelea majini, hainywi maji, rangi yake imetiwa ndani ya uzi kabla haujawa uzi na kwa hiyo haichuji; lakini huyeyuka kwenye joto la digrii 165 hivi, na kaa moja likidondoka kutoka kwenye jiko huacha shimo lenye ukingo mgumu mweusi ambalo hakuna fundi wa kuliziba. Baada ya miaka michache manyoya yake hulala mbele ya mlango na mbele ya kochi, yasiinuke tena.

Hata hivyo mama mwenye watoto wanne, anayeishi kwenye udongo mwekundu wa Runyenjes au Igoji ambao mvua ikinyesha hugandamana na kila kiatu, akichagua polipropilini amechagua kwa akili. Jumamosi hulitoa nje, hulisugua kwa brashi na sabuni ya unga, hulimwagia ndoo tatu za maji, hulitupa juu ya ua, na jioni limekauka. Zulia la sufu lingemwia mzigo wa wiki nzima. Ni hesabu ileile ya bibi yake aliyeuacha mugio akashika katani.

Mengi ya mazulia haya hutoka Uturuki, hususa katika viwanda vya Gaziantep, na mengine Misri, ambayo tangu eneo huru la biashara la COMESA lilipoanza mwaka 2000 imeweza kuziingiza bidhaa zake Kenya bila ushuru. Hivyo katika misikiti ya Meru na Embu mwenye kusujudu huweka paji la uso juu ya uzi wa petroli uliochorwa mihrabu na maua ya Kiajemi. Na katika soko la Gakoromone mazulia yaleyale husimamishwa yameviringwa nje ya maduka, mwenye duka akikuonyesha upande wa nyuma ili uone jinsi nyuzi zilivyokaribiana.

Liko jambo moja ambalo plastiki haikuliweza, nalo liko Nyambene. Miraa ya Igembe, inayochumwa alfajiri Maua na vitongoji vyake na kutakiwa ifike mbali ikiwa mbichi, hufungwa mafungu kwa nyuzi zilizochanwa katika shina la mgomba, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba huohuo. Uzi wa mgomba una maji ndani yake, hulinda ubichi; nailoni ingekata ganda laini la vijiti, na mfuko ungevitokosa kwa joto. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, wafanyabiashara wengi wa Kenya walihangaika kutafuta cha kufungia bidhaa zao. Wafungaji wa miraa hawakuwa na sababu ya kuhangaika.

Marufuku hayo yaliwarudishia vyondo na vikapu wanunuzi wa nyumbani, na katika Mbeere na Tharaka vikundi vya wanawake hivi sasa husuka kwa oda za namna mbili. Mnunuzi wa ng'ambo hutaka katani tupu, iliyotiwa rangi ya magome na mizizi, na hukagua kila uzi kwa mashaka, akihofia asije akapenyezewa akriliki. Mnunuzi wa Embu mjini, aghalabu mwalimu au mke wa mchungaji, hutaka rangi zing'aazo za uzi wa sweta, kiondo kifulike na kisichuje kwenye gauni la Jumapili. Ya kwanza hulipwa zaidi na huchukua siku nyingi zaidi; ya pili hulipwa papo hapo. Msukaji huanza vitako vyote viwili kwa katani ileile ya uani, akavitundika kwenye msumari mmoja, na asubuhi huchukua kile ambacho mwenyewe atakuja kukifuata kwanza.